Vigogota wa Bagamoyo: Ndege, Kamera na Mti Mkavu

Usiku wa tarehe 4 Desemba 1889 mji wa Bagamoyo ulikuwa na karamu. Emin Pasha, daktari aliyekuwa mtawala wa jimbo la Equatoria, alikuwa amewasili siku hiyo pamoja na Henry Morton Stanley baada ya safari ndefu kutoka bara. Wajerumani waliokuwa wameshika mji walimwandalia chakula na vinywaji. Macho ya mgeni huyo yalikuwa yamedhoofika sana. Katikati ya sherehe alitoka kupitia dirisha la ghorofani, akaanguka chini na kuumia vibaya kichwani. Ilimchukua muda mrefu kupona. Mwezi Aprili 1890 aliondoka tena Bagamoyo kurudi bara, safari hii akiwa na mwanazoolojia Franz Stuhlmann, na hakurudi tena pwani. Aliuawa Kongo mwaka 1892.

Ndugu wasikilizaji, historia ya Bagamoyo humkumbuka Emin kwa siasa na kwa ajali ile. Wataalamu wa ndege humkumbuka kwa jambo lingine. Miaka yote aliyokaa Equatoria alikusanya ndege, akawachuna, akakausha ngozi zao na kuzipeleka Ulaya. Mtaalamu wa Bremen, Gustav Hartlaub, ndiye aliyezichambua nyingi kati ya hizo, na mwaka 1880 alimpa shomoro mmoja mwekundu wa Afrika Mashariki jina la Emin, jina ambalo ndege huyo analo hadi leo.

Mhadhara huu unamhusu ndege mwingine wa mwambao huu, ambaye msafiri yeyote wa misafara ya Bagamoyo alimsikia kabla ya kumwona: kigogota.

Misafara ilimsikiliza kwa makini. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki mlio wa kigogota njiani ulikuwa habari ya safari. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909, aliandika kwamba wasafiri walitazama ndege huyu amelia upande gani wa njia, wa kulia au wa kushoto, kabla ya kuamua kuendelea au kurudi. Kwa watu waliotembea kwa miguu wiki baada ya wiki, sauti ya msituni ilikuwa na uzito.

Kutoka bunduki hadi kamera

Karne ya 19 ilimjua kigogota kwa njia ya bunduki. Mtu aliyetaka kuthibitisha kuwa amemwona ndege fulani alipaswa kumuua na kumpeleka makumbusho. Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyeishi Unguja, alisafiri hivyo. Mwaka 1882 alianza safari Pangani, kaskazini mwa Bagamoyo, akapita nchi ya Wamaasai mpaka Naivasha, akarudi na shehena ya ngozi za ndege. Mwaka 1884 yeye na Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin walieleza kisayansi kigogota wa mwambao na kumpa jina la Mombasa. Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walimhesabu kuwa tawi tu la kigogota mkia-dhahabu. Leo anatambuliwa kuwa spishi kamili, na makao yake ni ukanda mwembamba kutoka kusini mwa Somalia, kupitia pwani ya Kenya, hadi kaskazini mashariki mwa Tanzania.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Carl Georg Schillings alionyesha njia nyingine. Katika eneo lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani alibeba kamera nzito na baruti ya magnesi, akawapiga picha wanyama usiku kwa mwanga wa mlipuko. Bado alikuwa mwindaji, na bunduki yake haikupumzika. Hata hivyo picha zake zilithibitisha kwamba mnyama anaweza kuingia kwenye kumbukumbu za sayansi akiwa hai, kisha akaendelea na safari yake.

Leo kijana wa Bagamoyo mwenye kamera ya kawaida anaweza kufanya kazi iliyomgharimu Fischer mamia ya risasi. Picha moja iliyo wazi, yenye tarehe na mahali, ni ushahidi unaokubalika popote duniani. Tanzania ina mradi wake wa ramani ya ndege, Tanzania Bird Atlas, ulioanza katika miaka ya 1980, na tangu mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani kimekuwa kikipokea kumbukumbu za watazamaji wa ndege kupitia programu ya eBird. Rekodi ya kigogota mmoja kwenye mwembe wa Kaole ina nafasi humo sawa na rekodi ya tai wa Serengeti.

Msimu wake

Wapiga picha wa Ulaya huwasubiri vigogota mwishoni mwa baridi. Miti ya bustani za London haijatoa majani bado, na kigogota dume anapiga shina ili kutangaza eneo lake. Ndege haonekani kwa urahisi hivyo tena mpaka mwaka unaofuata, kwa sababu majani yakishachipua hugeuka pazia.

Mwambao wa Bagamoyo hauna majira hayo, lakini una wakati unaofanana nayo. Ni mwisho wa kusi, Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Mibuyu imesimama uchi, misufi vilevile, na miti mingi ya porini imepukutisha majani ili kuhifadhi maji. Matawi yanasomeka moja moja. Kigogota anayepanda shina la mbuyu wakati huo hana pa kujificha. Vuli ikianza, miti huchipua na wadudu huongezeka.

Mji wenyewe una viwanja vizuri vya kuanzia. Kwenye eneo la misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, kuna njia iliyopandwa miembe mizee pande zote mbili, na mbuyu mkubwa unaojulikana na kila mgeni. Kilomita chache kusini, magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13 yamezungukwa na miti ya kila umri, mibuyu mikubwa ikiwa miongoni mwake. Hapa mtazamaji hahitaji gari wala mwongozo. Anahitaji kufika mapema, kulipa kiingilio panapotakiwa, na kukaa kimya.

Mwenye nafasi zaidi aende kaskazini, ng'ambo ya Mto Wami, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Hapo savana inakutana na Bahari ya Hindi, na ndani ya mipaka yake umo msitu wa Zaraninge, mojawapo ya misitu ya pwani iliyobaki. Savana na msitu vikiwa jirani hivyo, vigogota wa mazingira mawili hukaribiana.

Kuwatambua

Duniani kuna zaidi ya spishi 200 za jamaa hii. Hawapo Australia, hawapo New Guinea, na jambo la kushangaza zaidi kwa watu wa pwani, hawapo Madagaska. Bahari ya Msumbiji, ambayo majahazi yameivuka kwa karne nyingi, imewashinda.

Anayeonekana kwa urahisi kuliko wote ni kigogota kardinali, ndege mdogo wa sentimita 15 hivi. Kifua chake kina michirizi, mgongo una mistari ya kijani na manjano. Dume ana paji la kahawia na utosi mwekundu. Jike ana utosi mweusi. Huyu hahitaji msitu. Anaridhika na shamba la mikorosho, mgunga mmoja, hata tawi kavu la mpera nyuma ya nyumba. Tawi lake linalopatikana mashariki mwa Afrika lilipewa jina la Hartlaub, yule yule aliyepokea ndege wa Emin, na aliyelipa jina hilo mwaka 1849 alikuwa Alfred Malherbe, jaji wa mji wa Metz, Ufaransa, ambaye aliandika kitabu kikubwa kuhusu vigogota wa dunia nzima.

Kigogota mgongo-kijani naye alielezwa na jaji huyo huyo katika mwaka huo huo. Ndege wa jamaa yake wengi wana mstari mweusi au mwekundu unaoshuka kutoka mdomoni kama sharubu, huyu hana. Uso wake ni safi, na hiyo ndiyo alama ya kutafuta kwanza katika picha. Chakula chake kikuu ni sisimizi na chungu wa juu ya miti.

Kigogota mkia-dhahabu na kigogota wa Mombasa ndio wanaosumbua. Wote wana urefu wa sentimita 20 hivi, wote wana mgongo wa kijani wenye nukta na kifua chenye michirizi. Aliye wa Mombasa ana mgongo wenye kijani cha dhahabu zaidi na nukta ndogo. Hapa ndipo kamera inapomshinda mtazamaji mwenye darubini peke yake: picha ya mgongo, ya kifua na ya kisogo huweza kupelekwa kwa mtaalamu na kuchunguzwa taratibu, wakati ndege mwenyewe ameshaondoka kitambo.

Wa mwisho ni kigogota ndevu, mkubwa kuliko hao wote, sentimita 24 hivi, mwenye uso wa rangi nyeusi na nyeupe. Anapenda pori la wazi lenye miti mikubwa iliyokufa. Ngoma yake husikika mbali: mapigo ya haraka mwanzoni, kisha machache ya taratibu yaliyoachana mwishoni. Mtu aliyewahi kuisikia mara moja huitambua tena bila kumwona mpigaji.

Mwili wa fundi

Kigogota ana sauti za aina tatu za kugonga, na kuzitofautisha ni nusu ya kazi ya kumpata. Akitafuta chakula hugonga mara chache, anasimama, anasikiliza, anahama. Akichimba tundu hugonga kwa mwendo mmoja, mahali pamoja, na vumbi la mbao linaanguka chini ya mti. Akitangaza eneo lake huchagua tawi kavu linalotoa mlio, akalipiga kwa mfululizo wa kasi, mapigo zaidi ya 10 kwa sekunde.

Mwili wake umeumbwa kwa kazi hiyo. Vidole viwili hutazama mbele na viwili nyuma, hivyo anashika gome wima. Manyoya ya mkia ni magumu, na huyaegemeza kwenye shina kama mguu wa tatu. Ulimi ni mrefu kuliko mdomo kwa mbali; mifupa yake huzunguka nyuma ya fuvu hadi karibu na paji, na ncha yake yenye ute hunasa mabuu ya mbawakawa na mayai ya sisimizi ndani ya vishimo.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba fuvu la kigogota lina kitu kama mto unaopunguza kishindo. Mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, na wenzake walipima video za mwendo wa kasi za spishi tatu na kukuta kinyume chake. Kichwa hufanya kazi kama nyundo ngumu. Kingekuwa na mto ndani yake, nguvu ya pigo ingepotea na ndege angelazimika kugonga kwa nguvu zaidi ili apate matokeo yale yale. Kinachomlinda ni udogo wa ubongo wake: uzito mdogo hauumizwi na kishindo ambacho kingemwangusha binadamu.

Kumpiga picha

Mwambao wa Bagamoyo unatazama mashariki, jua huchomoza baharini. Kwa hiyo asubuhi, kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 3, mpiga picha anayesimama akiipa bahari mgongo ana mwanga safi usoni mwa mti. Baada ya hapo joto hutikisa hewa na picha za mbali hupoteza ukali. Jioni mambo hugeuka, na ndege huonekana kama kivuli tu mbele ya anga.

Lenzi ya milimita 400 inatosha kwa ndege aliye umbali wa mita 15. Kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde humgandisha ndege katikati ya pigo. Kasi ya 1/250 huacha kichwa kikiwa ukungu huku mwili na mkia vikibaki wazi, na picha ya namna hiyo hueleza kazi yake vizuri kuliko ile iliyoganda. Wa simu ya mkononi asikate tamaa. Simu ikishikizwa kwenye jicho la darubini iliyoegemezwa mahali imara hutoa picha ya kutosha kutambua spishi. Atakayelala chumba chenye kiyoyozi aitoe kamera nje nusu saa kabla ya kuanza, maana unyevu wa pwani hugandamana kwenye kioo baridi. Chumvi ya upepo wa bahari nayo ifutwe kila siku.

Kuna adabu ambazo hazina mjadala. Mlio uliorekodiwa usipigwe karibu na kiota: dume huacha kulisha makinda ili kumfukuza mpinzani asiyekuwepo. Majani na matawi yanayofunika tundu yasikatwe ili picha ipendeze, kwa sababu yanamficha kinda dhidi ya mwewe na nyoka. Mtazamaji akiona mzazi ana chakula mdomoni na haingii tunduni, ajue amekaribia kupita kiasi. Arudi nyuma.

Mwenye nyumba nyingi

Kigogota kardinali huchimba tundu katika mbao iliyokufa, wazazi wote wawili wakishirikiana. Mayai meupe, kwa kawaida mawili au matatu, huatamiwa kwa siku 12 au 13, na makinda huruka baada ya wiki nne hivi. Msimu ukiisha, jozi huweza kuacha tundu na kuchimba jingine.

Hilo tundu lililoachwa ndilo jambo kubwa la mhadhara huu. Ndege wengi hulala na kutaga mashimoni lakini hawana mdomo wa kuchimba. Kwenye mwambao huu wamo kwenzi, goregore, bundi wadogo na kasuku wa kichwa cha kahawia. Nyuki nao huingia, mijusi huingia. Hata segu, ndege wa asali, anategemea mashimo hayo kwa njia ya ukatili: jike hutaga yai katika kiota cha kigogota, zuwakulu au ndege mwingine wa shimoni. Mwaka 2011 Claire Spottiswoode na Jeroen Koorevaar walionyesha kwa video kutoka Zambia jinsi kinda la segu mkubwa, likiwa bado kipofu, linavyowaua makinda wa mwenye kiota kwa ndoana za mdomoni. Ukimwondoa kigogota mahali fulani, orodha yote hiyo inabaki kugombea nyufa chache za asili.

Na kigogota huondoka mti mkavu unapoondoka.

Miti mikavu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa kwa kuni, na iliyo hai inafuata kwa mkaa. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania hutumia tani milioni moja hivi za mkaa kwa mwaka, na nusu yake ni Dar es Salaam. Mwaka 2010 Antje Ahrends na wenzake, katika jarida la PNAS, walieleza jinsi uharibifu wa misitu ulivyosambaa kutoka Dar es Salaam kwa mawimbi kati ya 1991 na 2005: mbao za thamani kubwa hutangulia, za thamani ya kati hufuata, mkaa unamalizia. Wimbi la mbele lilisogea hadi kilomita 9 kwa mwaka. Bagamoyo iko mwendo wa saa mbili tu kutoka jiji hilo. Haikuwa na nafasi ya kusalimika.

Familia inayopikia mkaa haistahili kulaumiwa kwa kupika chakula cha watoto. Nishati mbadala ya bei nafuu ni kazi ya serikali na ya masoko, na ni kazi ya haraka. Lakini kuna miti ambayo hatima yake haiamuliwi na soko la mkaa. Ni ile iliyo ndani ya shamba, shuleni, msikitini, kanisani, kwenye hoteli za ufukweni na kwenye magofu. Mkorosho uliokauka, mwembe uliopigwa na radi, mnazi uliokatika kichwa kwa ugonjwa wa kufisha minazi: hii hukatwa kwa desturi, kwa sababu inaonekana kuwa uchafu.

Ombi la mhadhara huu ni dogo na linatekelezeka kesho asubuhi. Mti mkavu ulio karibu na nyumba, njia au uwanja wa watoto ukatwe, kwani usalama wa watu hutangulia. Ulio mbali upunguzwe matawi mazito, shina liachwe lisimame mita tatu au nne. Walimu wa shule za Bagamoyo, Kaole, Mbegani na Matipwili wachague shina moja la namna hiyo, wanafunzi walifungulie daftari, na kila mwezi waandike nani amechimba, nani ameingia, nani amefukuzwa. Mwenye kamera apige picha, aandike tarehe na mahali, aipeleke kwenye kumbukumbu za taifa. Na wewe msikilizaji, kabla hujampa mtu shoka, zunguka mti wako mkavu mara moja na uangalie kama una tundu.